Bisibisi Inapoteleza

Mahali sindano ya cherehani inapozamia kwenye kitambaa pana bamba dogo la chuma linalong'aa. Kwenye cherehani ya mama bamba hilo limeshikwa na skrubu mbili, kichwa cha kila moja kama punje ya choroko. Mwaka juzi, siku ya Idd pili, niliitoa cherehani chumbani, nikaiweka barazani penye mwanga, nyumbani Ngamiani, Tanga. Nikachukua bisibisi kwenye mtoto wa meza jikoni, nikaanza kuifungua. Skrubu ya kwanza ilitoka bila maneno. Ya pili ikagoma.

Nilikuwa nimefunga safari kutoka Dar es Salaam kwa ajili ya cherehani hiyo. Mama alikuwa ametimiza miaka sita tangu atutoke, na binti yangu alitaka kujifunza kushona kwa mashine ya bibi yake. Gurudumu lilikuwa zito. Ukilizungusha linakwenda kama linapita kwenye asali. Chini ya lile bamba, penye meno yanayosukuma kitambaa, hujaa vumbi la nyuzi, na mama alikuwa akipasafisha kila Ijumaa kwa mswaki mkongwe. Kwa hiyo nikaanzia pale alipokuwa akianzia yeye.

Bisibisi yenyewe ilikuwa bapa, ncha yake imelika pembeni kwa miaka mingi ya kufungulia makopo ya rangi. Nilipoikandamiza na kuizungusha, iliteleza. Sauti yake naikumbuka, fupi na kavu, na mkono wangu ukaenda mbele ukakwaruza bamba. Nikarudia, ikateleza tena. Mara ya tatu nilisimama kabisa, nikauegemeza mpini kwa uzito wa kifua, nikahisi kitu kimelegea. Nilifurahi nikidhani ni skrubu. Kumbe ni kichwa chake. Ule mfuo uliokuwa umenyooka kama mstari wa rula ulikuwa umepanuka kingo zote mbili, umekuwa kama mdomo uliopinda, na pembeni yake pana unga wa chuma unaometameta.

Skrubu ya namna ile imezama ndani ya bamba, haina pa kushikwa na plaizi. Wala si ya kununua dukani kesho yake. Watengenezaji wa cherehani za zamani walikuwa na vipimo vyao wenyewe vya hesi, yaani ile mistari inayozunguka kwenye mwili wa skrubu, kwa hiyo skrubu ya baiskeli au ya redio inaweza kufanana nayo kwa macho na isiingie, au iingie na kuliharibu tundu. Niliyajua hayo tangu utotoni. Mama alikuwa akifungua cherehani anaziweka skrubu zake kwenye kisoda, anakifunika kwa kiganja kila anapopita mtu. Yeye aliziita parafujo, neno tulilopata kwa Wareno pamoja na meza na leso. Mimi nasema skrubu kama mafundi. Kitu ni kilekile, na sasa nilikuwa nimekiharibu mwenyewe, barazani kwake.

Kaka yangu alirudi kutoka swala ya Alasiri mkononi ana mkate wa kumimina umefungwa kwenye gazeti. Yeye ndiye aliyebaki kwenye nyumba ya mama. Akatazama cherehani, akatazama mikono yangu.

"Imeganda?" akauliza.

"Imeganda. Nani alikuwa anaitia mafuta?"

"Mimi. Nilikuwa naitia isije ikala kutu."

"Mafuta gani?"

"Ya alizeti. Yale ya jikoni."

Mafuta ya alizeti yakikaa kwenye hewa hukauka polepole. Huanza kunata, halafu huwa kama gundi, halafu hugeuka utando wa kahawia mgumu kama vanishi. Kila aliyewahi kuacha karai bila kulisugua anaufahamu utando huo ukingoni. Ndani ya mashine yenye vyuma vinavyopishana kwa nafasi ndogo kuliko unene wa unywele, utando huo unashika kila kitu. Nilijua hilo, na kwa kuwa nilijua, nilijiona nina haki ya kusema.

Nikamwambia, "Umeiua cherehani ya mama."

Hakunijibu mara moja. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Basi, mdogo wangu. Tuyaache mpaka kesho."

Nimekuwa nikiirudia sentensi hiyo kichwani tangu siku ile. Sauti ya kaka yangu haiwi ya chini hivyo. Ni mtu wa kuongea kutoka tumboni, ukimsikia mtaa wa pili unajua ni yeye. Sauti ilipomshuka vile, nilikuwa nimeshafika mahali ambapo bisibisi haishiki tena, na mimi sikusimama. Niliendelea na paa lisilozibwa, na hela nilizotuma wakati mama anaumwa, na nani alilala hospitali siku ngapi. Yote yale niliyatia kwenye mfuo mmoja na kuukandamiza kwa uzito wa kifua. Akaweka mkate juu ya baraza, taratibu, akavaa ndara zake akatoka. Usiku ule alilala kwa rafiki yake Chumbageni.

Asubuhi niling'oa kichwa cha cherehani kwenye meza yake, nikakifunga kwa kanga, nikapanda nacho bajaji mpaka kwa fundi wa mama. Anakaa chini ya mkungu, kwenye moja ya zile barabara zetu za Ngamiani zinazoitwa kwa namba. Ni mzee sasa.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Hii naijua. Hii ya mama yenu."

Aliigeuza kwenye mwanga, akavaa miwani, akainama. Hakugusa chombo chochote kwa muda. Halafu akaniuliza swali ambalo sikulitarajia.

"Iliteleza mara ngapi?"

"Mara tatu. Labda nne."

"Ya kwanza ilikuambia nini?"

Sikuwa na jibu. Akasema, bila kunitazama, "Kuteleza si kuanguka, mwanangu. Ulipoteleza ulikuwa hujaanguka bado."

Methali hiyo nimeisikia maisha yangu yote kama neno la kufariji. Mtoto akifeli mtihani anaambiwa kuteleza si kuanguka, biashara ikiyumba unaambiwa hivyo hivyo. Siku ile niliisikia kwa sikio jingine. Fundi alikuwa ananionyesha nafasi. Kati ya kuteleza na kuanguka pana mahali pa kusimama, hata kama ni padogo, na mimi nilikuwa nimepita hapo mara mbili, barazani, saa moja ileile: kwa skrubu, na kwa kaka.

Kisha akanieleza kwa mikono zaidi ya maneno. Bisibisi inapoteleza mara ya kwanza, huwa inakupa habari. Huenda ncha hailingani na mfuo. Huenda umeishika kwa kuinama, nguvu inakwenda pembeni. Au huenda kinachoizuia skrubu kiko chini, kwenye hesi, mahali ambapo nguvu ya mkono wako haifiki. Kwa sababu yoyote kati ya hizo, kuzungusha tena vilevile kwa nguvu zaidi hakuongezi kitu ila kuila ile sehemu ndogo ya kichwa iliyobaki ya kukusaidia. Kichwa kinakwisha huku hesi haijui hata kama kuna mtu anahangaika juu.

Alipomaliza kueleza akachukua sindano, akachokonoa uchafu ndani ya mfuo mpaka chini. Akatumbukiza unyoya wa kuku kwenye chupa ya mafuta ya taa, akadondosha tone moja ukingoni mwa skrubu. Tukalitazama likizama, polepole sana, kwenye ule ufa mwembamba kama uzi. Akaongeza la pili. Akafunika na kanga yangu.

"Njoo kesho baada ya Adhuhuri."

"Haiwezekani leo, fundi?"

"Mafuta yanatembea, lakini hayakimbii."

Niliketi pale pale muda mrefu, maana nyumbani hapakuwa na mtu. Mezani kwa jirani yake, kijana wa pikipiki alikuwa akifungua kava ya injini ya bodaboda. Kava ni ya alumini, skrubu ni za chuma, na kwenye hewa yetu ya chumvi metali hizo mbili zikishikana hulana. Kijana alipasha moto kava kwanza. Alumini ikipata moto hutanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo tundu linailegeza skrubu kabla mtu hajaigusa. Halafu akasimamisha bisibisi nzito ya kugonga, akaipiga nyundo kwenye kisigino. Kwa bisibisi ya namna hiyo, pigo moja linaisukuma skrubu chini na kuizungusha papo hapo, ndiyo maana haipati nafasi ya kuteleza.

Nilimuuliza kuhusu zile skrubu za nyota, ambazo mimi huziharibu kila mara. Akanionyesha kitu ambacho nimetumia vyuma vya Kijapani miaka yote bila kukiona: kidoti kidogo kilichobonyea karibu na msalaba wa kichwa. Doti hiyo inasema nyota hii ni ya kipimo cha Kijapani. Inafanana sana na ile ya Kimarekani iliyopewa jina la Henry Phillips na kuanza kutumika viwandani miaka ya 1930, lakini pembe zake si zilezile. Ukiiwekea bisibisi ya Phillips, inakaa juu juu, haifiki chini, na ukikaza mkono inapanda na kutoka. Barabara zetu zimejaa pikipiki na magari ya Kijapani, na wengi wetu tunazilaumu skrubu kuwa laini. Yule kijana alikuwa na bisibisi mbili zinazofanana kabisa, moja ameifunga utepe mwekundu.

Nikakumbuka pia feni ya mama. Mwaka mmoja mjomba alitaka kuisafisha, akakamata kile kifuniko kinachoshika mapanga, akazungusha kushoto kama ilivyo desturi ya kufungua. Akazungusha mpaka mishipa ikamtoka shingoni. Kumbe kwenye feni ile hesi imekatwa kinyume, unafungua kwa kuzungusha kulia. Pedeli ya kushoto ya baiskeli nayo iko hivyo, ili mzunguko wa miguu usiifungue njiani. Mjomba alikuwa anaikaza kwa nguvu zake zote, na kila alipoikaza aliamini zaidi kwamba imekwama.

Nimefundisha sekondari miaka ishirini na mbili. Nilikuwa na kijana kidato cha pili ambaye hakusoma kwa sauti darasani hata nimpe adhabu gani, na muhula mzima niliamini ni mkaidi. Siku moja nilimpa orodha ya mahudhurio aite majina kwa niaba yangu, akaita yote arobaini na kitu, sauti imenyooka, bila kukwama hata kwa jina moja. Baadaye nilijua kwamba alipokuwa mdogo alichekwa akisoma hadithi. Majina ya wenzake hayakuwa hadithi. Kwa muhula huo wote nilikuwa nimemkaza upande usio wake.

Kesho yake nilirudi kabla ya Adhuhuri. Fundi hakunituma nikatembee. Alichukua bisibisi nzuri, pana kidogo, akaipiga tupa upande huu na ule, anapima kwenye mfuo, anarudi kwenye tupa. Alifanya hivyo zaidi ya robo saa. Nilikuwa nimedhani mfuo umekwisha, lakini yeye alinipa kioo cha kukuzia nitazame. Kingo za juu zilikuwa zimelika kweli. Chini kabisa, kwenye sakafu ya mfuo, kuta mbili zilikuwa bado zimesimama wima, nzima, unene wa kucha. Ncha ya bisibisi ya jikoni haikuwahi kufika huko hata siku moja. Ilikuwa nene mno, ikiishia mlangoni.

Kisha akagonga kingo zilizopanuka kwa tindo ndogo, vipigo vyepesi vya kuzirudisha mahali pake. Akaigusisha ncha ya chuma cha kulehemu, chenye moto, juu ya kichwa cha skrubu, akahesabu kimoyomoyo. Moshi mwembamba ukapanda, na ukaleta harufu ya chapati zilizoungua. Ni mafuta ya alizeti. Tulitazamana.

Akasimamisha bisibisi, wima kabisa, akaigonga mpini mara mbili. Halafu akazungusha kulia.

"Unaikaza, fundi?"

"Kidogo tu. Ikisogea hata unywele mmoja huko, huku itakuja."

Sikuiona ikisogea, ila niliona kidole gumba chake kimetulia kidogo. Ndipo akageuza kushoto, na skrubu ikaja, robo duara, nusu, halafu yote. Akaiweka kwenye kisoda chenye mafuta ya taa. Mwili wake ulikuwa wa kahawia kama kipande cha mdalasini. Alipoisugua kwa kitambaa, ile kahawia ikatoka, na chini yake palikuwa peupe, pakavu, hesi zote zimekamilika.

"Umeona?" akasema. "Hamna kutu."

Akaondoa bamba. Chini yake vumbi la nyuzi lilikuwa limekuwa zulia dogo, nyuzi za rangi zote ambazo mama aliwahi kushona nazo, zimeshikwa na ule utando. Akayafuta meno ya kusukumia kitambaa, nayo yakatoka yanang'aa. Akavuta kutoka chini ya meza kichwa cha cherehani nyingine, ya mtu wa Raskazone, iliyokaa miaka michache bila mafuta yoyote karibu na bahari. Sehemu ileile ilikuwa nyekundu, imejaa vipele vya kutu, skrubu zake mbili huwezi kujua zinaanzia wapi na bamba linaishia wapi. Kutu hujaa kuliko chuma kilichoilisha. Inavimba ndani ya hesi na kujibana yenyewe.

"Haya mafuta siyo yake," akasema akionyesha ya kwetu. "Yanagandisha. Lakini yangekosekana, ungeniletea hii."

Nilimlipa, nikanunua kwake kichupa cha mafuta meupe ya cherehani, nikarudi nyumbani na skrubu mbili kwenye kisoda, nimefunika kwa kiganja.

Nilimpigia kaka jioni. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi ya kuomba radhi, na nilipomsikia akisema "Naam" kwa ile sauti ya chini, niliyaacha. Maneno yangu yote yalikuwa mapana, ya kuishia mlangoni. Nikamuuliza kitu kimoja tu.

"Kaka, ulikuwa unaitia mafuta siku gani?"

Akanyamaza. Nilisikia redio nyuma yake, na mtu akicheka mbali.

"Ijumaa," akasema. "Nikitoka msikitini. Si ndiyo siku yake mama?"

Miaka sita. Mwanamume asiyejua kutunga uzi kwenye sindano, kila Ijumaa anafunua cherehani, anatia tone hapa na tone pale, anafunika. Alichukua mafuta aliyoyajua, yaliyokuwa jikoni. Sikuwahi kumwambia kuna mengine. Nilikuwa natuma hela za paa.

Nilimwambia alichosema fundi kuhusu kutu. Nikamwambia niliyoyasema barazani yalikuwa ya dhuluma, na kwamba aliponiomba tuyaache nilimsikia vizuri na bado niliendelea. Hakusema amenisamehe. Aliuliza kama nimekula, nikasema bado, akasema atapitia mihogo.

Alikuja baada ya Isha. Umeme ulikuwa umekatika, kwa hiyo alinishikia tochi ya simu nikiwa nimeinama barazani. Bamba nilikuwa nimeshalirudisha. Nilichukua ile skrubu iliyojeruhiwa, nikaiweka juu ya tundu lake kwa vidole, na kabla ya kuikaza niliizungusha kinyume, kushoto, taratibu, kama fundi alivyoniagiza. Ukiirudisha nyuma hivyo, mwanzo wa hesi yake unautafuta mwanzo wa hesi ya tundu, na ikikutana skrubu hushuka kidogo, unaihisi kwenye ncha za vidole na ukiwa na utulivu unaisikia. Ukianza kukaza kabla ya hapo inaweza kuingia upande.

Niliizungusha nyuma, tena kidogo. Tik.

"Imeingia," kaka akasema.

Nikageuza kulia kwa vidole, bila bisibisi, mpaka ikagoma yenyewe. Kisha nikachukua bisibisi, ile ya tupa aliyonipa fundi, nikaisimamisha.

"Usiikaze sana," akasema, akausogeza mwanga karibu.